Walimu mnaoandika maigizo ya mtaani, mnaandika kila neno au mnawaachia waigizaji wabuni?

Mwl_Kilosa

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wangu wote humu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kemia na Baiolojia, nipo Kilosa huku Morogoro. Nje ya kazi naandika maigizo na kuyasimamia, na ukiacha familia yangu hamna kitu nakipenda kama hiki. Siongelei maigizo ya shule, hayo nafanya mahafali yakikaribia, naongelea kikundi chetu cha mtaani. Tupo mchanganyiko, walimu wenzangu wawili, nesi, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, mama mmoja anauza vitumbua stendi na mzee wetu mstaafu wa reli. Mazoezi tunafanya jioni kwenye darasa tuliloombea ruhusa, tunaonyesha ukumbi wa kanisa au uwanjani sikukuu zikifika, hamna anayelipwa, kiingilio kikipatikana tunanunulia betri za spika na kitambaa cha maleba basi.

Sasa ishu ni hii. Igizo tulilonalo sasa hivi linahusu mama mjane, watoto wake wametoka Dar kuja kumchukua akaishi nao, wanasema ni kwa ajili ya afya yake ila ukweli wameshampata mteja wa nyumba na yeye hajaambiwa. Kuna sehemu mtoto mkubwa anamwambia mama fungasha tuondoke kesho. Hapo mimi nilimwandikia mama maneno marefu kuhusu kaburi la marehemu mumewe lipo pale nyuma, hawezi kuliacha, nk. Mama wa vitumbua ndo anayeigiza hiyo nafasi. Siku ya mazoezi alikuwa amekaa na ungo anachambua mchele, mtoto akasema maneno yake, mama hakunyanyua hata macho, akauliza "Hilo gari lako linabeba kinu?" Yule kijana akashtuka akajibu "Mama, Dar tunanunua unga." Mama akasema "Sijauliza unga." Halafu akaendelea kuchambua mchele. Darasa zima tukanyamaza. Kila kitu nilichotaka kusema kwenye ukurasa mzima kilikuwa hapo, yaani na mtoto tayari ameonekana ni mtu wa namna gani bila kuambiwa.

Nikafuta yale maneno ya kaburi palepale. Lakini siku ya onyesho mama akasema kitu kingine kabisa, akaingiza mambo ya kuku wake nani atawalisha, na kijana kajiandaa kujibu la kinu, akabaki amesimama. Nesi ambaye anatakiwa aingie akisikia neno unga hakulisikia, kwa hiyo hakuingia, na watu uwanjani wakaanza kupiga stori zao. Tulijitoa hapo maana mzee wa reli aliingia kabla ya zamu yake akaanzisha habari ya mteja wa nyumba mapema na igizo likaendelea, ila ile nguvu ilishapotea.

Naombeni uzoefu wenu hasa nyie mnaofanya na watu wa kawaida wasio wasanii wa kusomea. Niandike kila neno na wakariri? Au niwape hadithi tu wabuni wenyewe? Mjue mama wa vitumbua kusoma kwake ni kwa shida, kijana wa bodaboda anakariri haraka kuliko wanafunzi wangu, na nesi akipangiwa zamu ya usiku anakosa mazoezi. Mimi napenda kuandika, sitaki kuacha kuandika, ila sitaki pia kumnyang'anya yule mama kile alichonacho.

MzeeWaTemeke

Marahaba mwalimu. Umeuliza kitu ambacho sie wa Dar tuliokulia kwenye maonyesho ya miaka ya 90 tumekiona sana. Vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT vilikuwa vinajaza kumbi wikiendi, onyesho moja unapata ngoma, sarakasi, kichekesho, taarabu na igizo, na igizo lenyewe halikuwa na skripti. Kiongozi anakaa na wasanii anawapa hadithi, wewe ni mume, wewe mke, wewe mpangaji mwenye fitina, mnagombana kwa sababu hii, mwisho inakuwa hivi, haya simameni tuone. Maneno wanayatafuta wenyewe kwenye mazoezi mpaka yanakaa. Hata hawa wa kikundi cha Kaole tuliowaona baadae kwenye michezo ya ITV mtindo wao ulitokea hukohuko.

Kwa hiyo kubuni sio udhaifu mwalimu, ndo njia yetu ya zamani kwenye kichekesho tangu enzi za mkoloni. Lakini kitu ambacho watu wanasahau, wale wasanii walikuwa wanafanya kila siku na walikuwa pamoja miaka. Mama akichepuka kwenye kuku, mwenzake anajua jinsi ya kumrudisha kwenye kinu bila watu kujua kama kuna aliyepotea. Unaweza kumwambia "mama kuku atawalisha jirani, twende" na mchezo ukaendelea. Kijana wako wa bodaboda anakariri vizuri lakini anakariri MANENO, hajakariri anataka nini kwa mama yake. Mwambie akiingia pale anataka kitu kimoja tu, mama akubali kuondoka kesho. Akilijua hilo hata mama aongelee kuku, mvua, au jino linamuuma, yeye ana la kujibu.

Ushauri wangu fanyeni mazoezi ambayo wewe mwenyewe unamwambia mama pembeni kila siku aanze na kitu tofauti, kijana asijue. Wiki chache tu utaona tofauti.

JadiYaKalamu

Mi napingana na mzee wangu hapo juu kwa heshima zote.

Mzee nikuulize, hayo maigizo ya Muungano na TOT leo mtoto wa miaka ishirini atayasoma wapi? Watu walijaza kumbi, walicheka, walilia, na yamekwenda. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka 1969 na mpaka leo mwalimu yeyote nchi hii anaweza kuichukua akaisimamisha na wanafunzi, vita vya Majimaji vya 1905 vinasimama mbele yako darasani. Hatia ya Penina Muhando ya 1972 hivyohivyo. Hawa walikuwa watu wa chuo kikuu, walikuwa na mihadhara na mitihani kama Mwl Kilosa alivyo na madaftari ya Kemia, na waliandika kila neno. Bila wao tungekuwa tunasoma tafsiri tu.

Mwalimu andika. Andika kila neno na watu wajifunze nidhamu ya neno. Yule mama kasema la kinu, zuri sana, zuri kupita maelezo, sasa kazi yako kama mwandishi ni kulikamata na kuliweka kwenye karatasi ili mama mwingine wa Mpwapwa au Lushoto alipate nae alitamke. Ukimwachia abuni kila siku ndo hivyo siku ya onyesho watu uwanjani wamekosa kitu kizuri kuliko vyote kwenye igizo lako na wamepewa kuku.

Na suala la kusoma kwa shida lisikusumbue. Bibi zetu walikuwa na tenzi nzima kichwani na kusoma hawajui. Mtu anakariri kwa sikio.

Mwl_Kilosa

Asanteni sana wazee wangu. Jadi hilo la kukariri kwa sikio umenigusa, nimeshaanza kumrekodia sehemu zake kwa sauti namtumia WhatsApp anasikiliza akiwa anakaanga vitumbua alfajiri. Anashika. Ila nimegundua akishika maneno yangu anayasema kama anatoa tangazo, sauti inapanda, mabega yanakaza, macho anaangalia juu. Akibuni anakuwa yule mama wa stendi ninayemjua. Hapo ndo ninapokwama sio kwenye kukumbuka.

binti_wa_Tuseme

Shikamooni wakubwa, hongera sana mwl.

Mimi nilikuwa kwenye klabu ya TUSEME nikiwa sekondari. Kwa wasioijua huu mradi ulianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1996, akina Prof. Penina Mlama na Prof. Amandina Lihamba wa idara ya sanaa, lengo wasichana waseme wenyewe kinachowakwamisha shuleni kupitia maigizo, ngoma na majadiliano. Baadae FAWE, shirika la wanawake wa Afrika walio kwenye elimu, wakaupeleka na nchi nyingine za Afrika. Hao hao walishafanya kitu cha namna hii kijijini Malya, Mwanza, 1982 na 1983, watu wa kijiji wanachambua matatizo yao wenyewe halafu wanayachezea. Kwa hiyo ukisema waandishi wa chuo kikuu waliandika kila neno kaka Jadi, ni kweli, ila ni hao hao pia walikaa chini wakasikiliza watu wasioandika. Prof. Mlama na Penina Muhando ni mtu mmoja.

Mwalimu wetu wa klabu alikuwa anafanya hivi. Tunaambiwa tuonyeshe kitu, mfano msichana karudi nyumbani kafukuzwa ada, tunacheza bila kupangiwa neno. Yeye amekaa nyuma kabisa na daftari. Haongei. Tukimaliza anatusomea alichoandika, sio yote, vile vipande vilivyomshika. "Wewe ulisema hivi, baba akajibu hivi." Halafu anatuambia chezeni tena kuanzia hapo. Baada ya muda tunakuwa na igizo ambalo limeandikwa lakini kila neno lilitoka mdomoni kwa mmoja wetu, kwa hiyo hatukuwa tunakariri cha mtu, tulikuwa tunarudia chetu. Hata ile sauti ya tangazo unayoisema haikuwepo maana hatukuwa na karatasi ya kuiga.

Ila kuna hatari moja hamjaigusa na nyie mnaofanya mtaani itawakuta. Mtu akibuni anabuni kutoka maisha anayoyajua. Kuna siku dada mmoja kwenye kundi letu alibuni stori ya baba wa kambo jukwaani mbele ya wazazi, na watu waliijua ni nyumba gani. Hakutaja jina lakini alitaja mti uliopo mbele ya nyumba. Ilileta shida kubwa kwa yule dada, sio kwa mwalimu, sio kwa mradi, kwa yeye. Kilosa ni mji mdogo mwl. Nyumba inayouzwa bila mama kuambiwa, uwanjani kuna watu wanne imewakuta. Ukiandika wewe, lawama unabeba wewe na una mahali pa kusimama, unasema hii ni hadithi nimetunga. Mama wa vitumbua akibuni siku ya onyesho akataja dirisha la bluu, kesho atakuwa stendi na mwenye dirisha la bluu anapita kununua. Mlinde. Nadhani hii ndo sababu kubwa ya kuandika kuliko hata hiyo ya vitabu.

mwalimu_magharibi

Salamu kutoka Kakamega. Mimi nafunza Kiswahili shule ya upili na kila mwaka muhula wa kwanza sina jioni, ni drama tu. Huku kwetu tamasha la drama la shule liko tangu 1959, watoto wanaanzia kaunti ndogo, kaunti, kanda halafu kitaifa mwezi wa nne, na skripti nyingi zinaandikwa na walimu. Lazima uwe na skripti na unaiwasilisha, hakuna vile utaenda na hadithi kichwani.

Lakini wacha niwaambie venye inaenda kwa ukweli. Skripti ninayoenda nayo kanda si ile ya kaunti ndogo. Kila ngazi waamuzi wanaongea baada ya maonyesho, wanakwambia mhusika huyu hana kazi, hapa mwisho mlikimbiza, na wewe unarudi shule unaandika upya usiku ndio watoto waanze mazoezi asubuhi. Na ninachoandika upya nusu ni vitu watoto walisema kwa bahati mbaya jukwaani na watu wakacheka au wakanyamaza. Kwa hivyo hata sisi wa karatasi tunabuni, ni vile tu tunabuni kati ya onyesho na onyesho badala ya katikati ya onyesho. Mwalimu wa Kilosa, nyinyi mnaonyesha sikukuu hii na sikukuu ile, mna miezi hapo katikati. Igizo lako usilione kama limeisha sababu mmelionyesha.

Hii kitu ya watu wasiolipwa kuandika na kuigiza Kiswahili iko na mizizi ndefu kuliko wengi wanafikiria. Miaka ya hamsini vijana wa shule ya upili ya Alliance waliandika maigizo yao ya Kiswahili wakayapeleka Nakuru likizoni, ukumbi wa Menengai, watu wa kawaida wakaja kutazama. Nakupenda Lakini ya Henry Kuria ilichapishwa 1957. Hao walikuwa wanafunzi. Huwa nawaambia wangu hiyo wakianza kusema wao ni wadogo.

fundi_jukwaa

Naona mnabishana maneno tu, mtu wa vitu niongee kidogo. Mimi sio mwalimu ni fundi seremala lakini nimekuwa nikitengeneza jukwaa na kusimamia vifaa vya kikundi huku Iringa miaka mingi.

Mwalimu hebu niambie, KINU KILIKUWEPO JUKWAANI?

Mwl_Kilosa

Hapana mkuu. Ungo na mchele ulikuwepo siku ya mazoezi. Siku ya onyesho uwanjani tuliogopa mchele kumwagika, mama alikaa tu mikono mitupu kwenye mkeka.

fundi_jukwaa

Basi umeshajijibu. Mama hakusahau neno, mlimwondolea kazi yake. Siku ya mazoezi alikuwa na ungo mikononi, akili yake iko jikoni, mtoto anaongelea gari, ndo kinu kikaja chenyewe kwa sababu alikuwa katikati ya vyombo vyake. Siku ya onyesho mmemkalisha mkekani kama mgonjwa anaangalia watu mia, sasa atatoa wapi kinu? Kawatafuta kuku wa kwao kichwani.

Weka kinu jukwaani. Kinu kweli, kizito, sio cha boksi. Kiweke mahali ambapo mtoto akisema fungasha yeye mama lazima akione. Na nesi asiingie kwa kusikia neno unga, aingie mama akisimama na kuweka mkono kwenye kinu. Neno linaweza kupotea, ila mtu hawezi kusahau kitu kilichopo mbele yake na kina uzito. Mimi watu wetu wengi hawajui kusoma na hatujawahi kupata shida ya nani aingie lini maana kila anayeingia anaangalia kitu, sio kusikiliza neno. Taa ikizimwa, beseni likiwekwa chini, mlango ukifungwa. Na uwanjani kuna upepo na watoto wanalia, nusu ya maneno hayasikiki kabisa nyuma ya pazia.

Ngoswe ya Semzaba si mnafundisha huko kidato cha tatu na nne? Ile ya karani wa sensa. Angalia zile karatasi za sensa, toka mwanzo zipo, anazibeba, anaandika, anazipeleka kwa mzee Mitomingi, mwisho zinachomwa. Hata mtu akisahau maneno yote ya lile igizo akabaki na zile karatasi na moto, watu wataelewa Ngoswe kafanya nini. Huyo alikuwa mwalimu pia, marehemu Semzaba, kafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar. Alijua kuwapa waigizaji kitu cha kushika.

JadiYaKalamu

Fundi umesema kweli tupu. Narudi nyuma hatua moja, sio kwenye kuandika, kwenye namna ya kuandika. Mwl usimwandikie mama maneno, mwandikie anachofanya na mikono yake, halafu sentensi moja tu ambayo haiguswi. "Hilo gari lako linabeba kinu?" hiyo haiguswi. "Sijauliza unga" hiyo haiguswi. Katikati yake aongee atakavyo.

MzeeWaTemeke

Hapo Jadi tumekutana. Na hata kwenye kichekesho kulikuwa na maneno yasiyoguswa, yale ya mwisho kabisa kabla watu hawajatoka, hilo kila mtu analijua na hakuna wa kulibadili.

nesi_wa_zamu

Habari za humu, mimi sio yule nesi wa Kilosa ila ni nesi na naigiza pia kwenye kikundi cha parokia yetu kwa hiyo nimecheka na kuumia kwa pamoja. Mwalimu mfikirie huyo nesi wako, mtu anatoka zamu ya usiku anakuja mazoezi ya saa kumi na moja amechoka, akikosa mara mbili anakuta igizo limebadilika kwa sababu wenzake wamebuni kitu kipya, anajisikia mgeni kwenye igizo lake mwenyewe. Kwa sisi tunaokosa, maandishi ndo yanatuweka ndani. Hata kama hamkariri, baada ya kila mazoezi mtu mmoja aandike kilichobadilika atume kwenye grupu. Kwetu tunatuma na sauti. Nikiwa nimekaa wodini saa nane usiku wagonjwa wamelala naweka hedifoni sikio moja nasikiliza wenzangu walichofanya jioni, na hapo ndo nafanyia mazoezi yangu.

Mwl_Kilosa

Jamani asanteni mno, sikutegemea majibu ya namna hii.

Nimewaleteeni mrejesho. Fundi, kinu tumekipata, cha mkwe wa mzee wa reli, kimebebwa na kijana wa bodaboda kimefungwa kamba nyuma. Jana jioni tumefanya ile sehemu. Nimeandika upya ukurasa wote na sasa hivi ukiutazama hauna maneno mengi kabisa, nawawekea hapa kidogo muone:

*Uani. Kinu kipo katikati, mchi umelala juu yake. MAMA anachambua mchele. MTOTO amesimama na ufunguo wa gari mkononi.*

*MTOTO: Kesho alfajiri mama. Fungasha vichache tu, vingine tutanunua.*

*(Mama anaendelea na mchele. Anaweza kusema chochote kuhusu mchele, mawe, aliyemuuzia. Mtoto anajaribu kumrudisha kwenye safari, hachoki.)*

*Mama anaweka ungo chini. Anasimama. Anaweka mkono kwenye kinu. (NESI anaingia, anasimama mbali.)*

*MAMA: Hilo gari lako linabeba kinu?*

*MTOTO: Mama, Dar tunanunua unga.*

*MAMA: Sijauliza unga.*

Basi. Tumeirudia tena na tena na kila mara pale kwenye mchele mama ana jipya, jana kamsema muuza mchele kachanganya na wa mwaka jana mpaka fundi cherehani akatoka nje kucheka, ila akishagusa kinu yote yanakuja yalivyo. Na sauti yake haipandi.

Binti wa Tuseme, lile la dirisha la bluu limenikosesha usingizi. Nimekaa na mama nikamwelezea, tumekubaliana kwenye vile vipande vya kubuni aongelee mchele, kuku, mvua, wajukuu wake wa kwenye igizo, lakini nyumba na uuzaji wa nyumba yote nimeandika mimi na hakuna wa kuongeza neno. Mteja wa nyumba nimempa jina ambalo Kilosa nzima sijalisikia.

Swali langu la mwisho. Natamani igizo hili tulipeleke mbali, kuna mwalimu mwenzangu Dodoma anaomba alichezeshe na kikundi chake. Sasa kwenye jalada naandika jina langu peke yangu kama mtunzi? Maneno ya kinu sio yangu.

JadiYaKalamu

Swali zuri sana hili na watu wengi hawaliulizi kabisa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo huu sio mchezo, jina unaloandika leo wajukuu watalikuta. Muundo, hadithi, wahusika ni wako, wewe ni mtunzi. Lakini ukurasa wa kwanza andika wazi igizo limetungwa na fulani pamoja na kikundi, halafu taja majina ya waigizaji wa onyesho la kwanza na nafasi zao. Na pale kwenye kinu ungeweza kutaja kabisa mazungumzo haya yalibuniwa na mama fulani kwenye mazoezi, ila muulize kwanza kama anataka jina lake liandikwe. Na kama siku moja linalipa, hata senti, mkae kikao mkubaliane mapema kabla ya hela kuonekana. Yaandikeni mkiwa bado mnapendana.

binti_wa_Tuseme

Na huyo wa Dodoma mwambie asimlazimishe mama wake aongelee mchele kama wa kwenu. Kwao atakuwa anapepeta mtama. Acha hayo mabano wazi kama ulivyofanya.

Mwl_Kilosa

Nimemuuliza leo asubuhi stendi. Amesema jina liandikwe, na liandikwe yote matatu.